Nilitaka Italia, Tukaenda Nyegina

Karibu kila mwanamke niliyewahi kukaa naye saluni ana kijiji chake cha kwenye sinema. Si mnavijua jamani? Nyumba za mawe, kilima chenye mizabibu, mizeituni ya miaka na miaka, kengele ya kanisa, na meza ndefu chini ya mti ambapo watu wanakula taratibu kama vile hawadaiwi na mtu. Changu mimi nilikitoa kwenye Under the Tuscan Sun, ile filamu ya mwaka 2003 ambayo Diane Lane anacheza kama mwandishi wa Kimarekani aliyetoka kuachika, anafika mkoa wa Toscana huko Italia, anaiona nyumba kuukuu na kuinunua. Niliiangalia nikiwa binti. Nimeiangalia tena nikiwa mama wa watoto wawili, na hamu ni ileile.

Kwa hiyo mimi na mume wangu tulipokaribia kutimiza miaka 12 ya ndoa, mwenzenu nilishajua nataka nini. Kwa miaka minne tulikuwa tunaweka akiba kwenye akaunti moja, kidogo kidogo, hadi ikafika shilingi milioni 11. Hela hiyo haikuwa na jina rasmi, ila mimi moyoni nilishaipa: Toscana. Siku nane hivi, mume na mke, bila watoto, bila vikao vya kazini. Nilishaanza hadi kuuliza habari za viza.

Siku nilipolitaja mezani, baba watoto alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hicho kijiji kina nini?"

Nikamwambia kina mawe, kina vilima, kina kanisa la zamani, watu wake hawana haraka, na kuna utulivu.

Akanyamaza kidogo. "Mbona mimi ninacho hicho," akasema.

Alikuwa anaizungumzia Nyegina, kwao, Musoma.

Nyumba iliyopungukiwa maneno

Mpenzi msomaji, hapa inabidi niseme ya ndani, maana bila hayo safari yenyewe haitaeleweka. Tulikuwa hatugombani. Afadhali tungegombana! Tangu tumzike baba mkwe, miaka miwili nyuma, mume wangu alikuwa amebana maneno kama mtu anavyobana matumizi mwisho wa mwezi. Anarudi kazini, anaoga, anakula, anashika simu, analala. Ukimuuliza "vipi?" anajibu "poa". Ukimuuliza "unawaza nini?" anajibu "hamna". Ndugu zangu, hizo "poa" na "hamna" zinaweza kuimaliza ndoa bila hata sahani moja kuvunjika.

Shoga yangu mmoja akanishauri niichunguze simu yake. Sikuichunguza. Nilichokuwa nakiona mimi ni mtu mwenye msiba ambao hataki kuugusa. Tangu mazishi alikuwa hajatia mguu kwao hata mara moja. Mama yake alimtumia hela kila mwezi kwa simu, hakuchelewesha, lakini yeye mwenyewe haendi. Kila likizo kulikuwa na sababu.

Kwa hiyo aliposema mwenyewe kwa mdomo wake kwamba anataka twende Nyegina, niliipima ile kauli. Mizeituni inaishi miaka mingi, itanisubiri. Mume wangu nilikuwa sina hakika nayo subira ya namna hiyo. Nikakubali kwa sharti moja tu: hela ya akiba haiguswi mpaka tukae wote wawili na kuamua. Akasema sawa. Watoto tukawapeleka kwa dada yangu, tukawasha gari.

Zabibu za njiani

Kutoka Dar es Salaam hadi Musoma ni zaidi ya kilometa 1,300. Ni Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza, halafu bado safari inaendelea. Nusu ya kwanza tuliongelea mafuta ya gari, choo na chakula. Basi.

Ilikuwa Septemba, wakati wa zabibu. Dodoma tukasimama barabarani kununua. Wenzetu wa Italia huvuna mara moja kwa mwaka, kwa sababu baridi yao inailaza mizabibu. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo wakulima huweza kuvuna mara mbili. Tulipoingia garini na boksi letu nikamtania, "Basi nusu ya Toscana tumeshaipata kwa bei ya Chang'ombe." Akacheka. Kicheko kifupi tu, lakini nilikihesabu.

Ukishapita Magu na Lamadi, nchi inabadilika. Kulia kwako ni Serengeti, geti la Ndabaka liko palepale pembeni ya barabara. Kushoto, Ziwa Victoria haliko mbali. Unapita Bunda, unafika Makutano, unawaachia wenzako njia ya Tarime na Sirari, wewe unakata kushoto kuingia Musoma. Kutoka mjini Musoma hadi Nyegina si mbali, ila unahisi umehama dunia.

Sasa niwaambie inavyofanana. Vilima, na juu ya vilima mawe makubwa ya matale, moja limekaa juu ya lingine kama mtu aliyapanga akaondoka. Ua za minyaa. Mashamba ya muhogo na mtama. Ng'ombe wanaorudi jioni wakiwa na mtoto mmoja tu nyuma yao mwenye fimbo. Ziwa unaliona kwa mbali, likiwaka jua linapozama. Sehemu ile iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku hewa ni ya ubaridi mtamu, si lile joto letu la feni. Nyumba za mawe za Toscana zimejengwa na watu. Mawe ya Nyegina aliyapanga Mungu mwenyewe.

Na watu wake kweli hawana haraka. Kutoka barabarani hadi nyumbani kwa mama mkwe ni mwendo wa dakika tano, tulitumia karibu saa nzima. Kila mtu lazima umsalimie, lazima aulize watoto, lazima aseme pole ya baba, ile pole ambayo hakupata nafasi ya kuisema siku ya mazishi. Mume wangu anaitikia "asante", "asante", macho yako chini.

Mama mkwe alitupokea begi mkononi. "Karibuni nyumbani wanangu," akasema. Hakuuliza kwa nini tumekawia miaka miwili. Nikampa boksi la zabibu, akaliangalia, akaita watoto wa jirani, na ndani ya dakika kumi ikabaki mitini tupu.

Kaburi la baba liko uani, upande wa kulia wa nyumba. Mume wangu alilipita bila kusimama, akaingia ndani.

"Mpe kazi"

Niwe mkweli kuhusu utulivu wa kijijini. Siku ya kwanza unaufurahia. Siku ya pili, kwa mtu wa Dar, unaanza kupiga kelele masikioni. Hakuna honi, hakuna jenereta, hakuna jirani anayefungulia muziki. Ukiwa na jambo linalokusumbua utalisikia tu, maana hakuna cha kulifunika. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha baba yake, ameshika simu, mtandao unakuja na kuondoka, anaitazama tu.

Mimi nilijificha jikoni. Mama mkwe alinipa ungo na kunifundisha mambo ya udaga. Mihogo inamenywa, inavundikwa siku kadhaa mpaka iote ukungu, kisha inakwanguliwa, inaanikwa juani, ndipo inasagwa. Kule kuvundika ndiko kunakopunguza sumu ya muhogo mchungu. Pale kwao muhogo unaanikwa juu ya yale mawe makubwa, jua linapiga juu na jiwe linachoma chini. Ugali wake ni wa rangi nzito, unavutika, na kwa sato wa kuchemsha wewe mwenyewe utaomba kuongezewa.

Tukiwa tunakwangua nikamwambia, "Mama, mwanao haongei."

"Najua," akasema. Hakuacha kukwangua. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo alipofiwa na kaka yake. Mtu wa namna hiyo usimuulize maswali. Mpe kazi, halafu kaa karibu."

Kazi ilikuwepo. Nyumba ina bati zuri, lakini haikuwa na gata hata moja. Mvua ikinyesha maji yote yanamwagika chini, na mama mwenye umri ule anategemea madumu ya kuchotewa. Siku hiyo jioni nilisema tu, kama vile najisemea, "Vuli inakaribia. Hizi gata zingefungwa, mama angepata maji hapa hapa mlangoni."

Mama mkwe akasema, "Zipo. Mzee alizinunua. Zimo stoo."

Nilimwona mume wangu anainua macho.

Asubuhi yake, kabla sijaamka vizuri, nikasikia vyuma vinaburutwa uani. Alikuwa amezitoa zote, amezipanga chini kwa urefu, pamoja na misumari iliyofungwa kwenye gazeti na mkono wa baba yake ulioandika vipimo kwa kalamu ya risasi kwenye ukuta wa stoo. Binamu yake akaleta ngazi. Mimi nikapewa cheo cha kushika ngazi, na niliishika kweli kweli.

Ilikuwa kama saa nne. Amepanda juu, nyundo mkononi, kipande cha tatu. Akaanza kuongea, hakuniangalia.

"Mzee alinipigia simu," akasema. "Akaniambia njoo tufunge hizi gata. Nikamwambia mwezi ujao."

Nikanyamaza.

"Mwezi ujao nikaja kumzika."

Baba watoto alilia akiwa juu ya ngazi, jamani, mwanaume mzima, ameegemeza kichwa kwenye bati. Binamu yake akajifanya anatafuta msumari upande wa pili wa nyumba. Mama mkwe akaendelea kufagia uwanja. Mimi sikusema "nyamaza", sikusema "pole". Nilishika ngazi. Baadaye akajipangusa kwa mkono wa shati, akaomba nimpe kipande cha nne.

Kazi ile iliwachukua siku mbili. Ilipokwisha alienda mwenyewe kwenye kaburi, akang'oa majani, akakaa pale hadi giza likaingia.

Mahali walipofika mzeituni na mzabibu

Jumapili tulienda misa. Msomaji wangu, kama ulidhani kanisa la zamani ni la Italia peke yake, sikiliza. Misheni ya Nyegina ilianzishwa mwaka 1911 na Wamisionari wa Afrika, wale wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie huko Algiers, mji ulioko ukingoni mwa Bahari ya Kati, nchi ya mizabibu na mizeituni hasa. Kwa hiyo hapa Nyegina, kati ya mihogo na mtama, imefika mvinyo wa zabibu kwa ajili ya misa, na yakafika mafuta ya mzeituni, maana ndiyo yaliyokuwa yanatumika kupaka wanaobatizwa enzi hizo.

Na mmoja wa waliopakwa mafuta hayo mnamfahamu. Desemba 23, 1943 alibatizwa hapa Nyegina kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa Makerere, aitwaye Kambarage. Akachukua jina la Julius. Naam, ndiye Mwalimu Nyerere. Siku hizi Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, baada ya Jimbo la Musoma kuanzisha mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Hiyo ya ubatizo nilikuwa naijua juu juu. Kilichonigusa siku ile ni kitu kingine. Baba yake, Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, alifariki mwaka 1942. Kwa hiyo kijana aliyesimama pale Nyegina mbele ya padre alikuwa amefiwa na baba mwaka mmoja tu uliopita. Mimi sijui alikuwa anawaza nini. Ila nilimtazama mume wangu kwenye benchi, ameshika kitabu cha nyimbo, anaimba sauti ya chini ambayo sikuisikia tangu tuzike, nikawaza: hapa wamepita wana wengi waliofiwa na baba zao.

Taa za ziwani

Usiku wetu wa mwisho tulishuka ufukweni hadi mwaloni. Hakukuwa na mwezi, na giza ndilo wanalolitaka wavuvi wa dagaa. Wanaenda na taa, dagaa wanaufuata mwanga, wanazungushiwa nyavu. Mbalamwezi ikiwa kali kazi hulala, maana taa inapoteza nguvu. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za sola na betri. Ukikaa pale ukiangalia ziwa unaona mstari wa taa, nyingi, kama vile kuna mji mwingine upande wa pili wa maji.

Tulikaa juu ya jiwe. Na mwanaume wa "poa" na "hamna" akaongea. Aliongea kuhusu baba yake, kuhusu simu ile, kuhusu jinsi alivyokuwa akifika nyumbani Dar anajiona hana haki ya kufurahi mbele yangu na watoto. Aliniambia kwamba tabasamu langu la kuulizia Toscana lilikuwa linamuumiza, si kwa sababu ya hela, bali kwa sababu kwake ilikuwa kama kwenda sherehe kabla ya kumaliza matanga. Na mimi nikamwambia yangu: kwamba miaka miwili nimelala na mtu aliye mbali kuliko Italia, na kwamba nilianza kuchoka. Nikamwambia neno hilo hilo, kuchoka. Hakujitetea. Akasema, "Nimesikia."

Halafu tukafika kwenye milioni 11. Yeye alikuwa na wazo la kumchukua mama aje kuishi nasi Dar. Mama mwenyewe alishalikataa mchana wake. Alisema, "Nikija huko, asubuhi nani atanisalimia?" Tukacheka, lakini alikuwa amemaliza hoja. Yule bibi anaishi peke yake, ila kabla ya saa mbili asubuhi watu kumi wameshapita kumjulia hali. Mimi kwenye geti letu Dar sijui hata jina la jirani wa kushoto.

Uamuzi wetu ulikuwa huu. Simtanki la lita 5,000, bomba zake na msingi wa kulikalisha vilitoka kwenye ile akiba, kama milioni moja na nusu. Nauli ya kwenda Nyegina kila mwaka nayo ina fungu lake sasa, na watoto watakuja. Iliyobaki ni ya Toscana, kama nilivyoiita. Sijaifuta ndoto yangu, na wala sikuombwa niifute. Nilipomsimulia mama mkwe kuhusu mizeituni alisikiliza, kisha akaagiza: tukifika huko tumletee chupa moja ya mafuta, aone kama yanafaa kwenye mlenda.

Kama na wewe unafikiria kwenda

Si lazima iwe Nyegina. Kila mmoja wetu ana kijiji, chake au cha mwenzi wake. Nilichojifunza ni haya machache.

Kwanza, kaeni siku zisizopungua tano. Siku mbili za kwanza ni za uchovu na za kuukosa mtandao. Mazungumzo yanaanza baadaye.

Pili, usiende kama mtalii. Beba sukari, sabuni na chumvi, shika ungo, omba kazi. Mgeni anayefanya kazi anasimuliwa mambo ambayo mgeni wa kwenye kiti hasimuliwi.

Tatu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Jiko la mtu si mapambo ya kuweka mtandaoni.

Nne, mwenzi wako akiwa na kaburi huko, usimsukume kulifikia na usimzuie. Mpe siku zake.

Na tano, zungumzeni habari za hela mkiwa huko huko, kabla ya kurudi mjini, maana mkisharudi ada na kodi zitawazungumzia nyie.

Mvua za vuli zilianza wiki tatu baada ya sisi kurudi. Mama mkwe alimpigia simu mwanawe saa kumi na moja alfajiri, akamwambia simtanki limejaa na linamwaga. Mume wangu alikaa kitandani akaongea naye dakika 40. Mimi nilijifunika shuka nikamwacha aongee.